Daktari Aliyepita Bila Kusalimu

Nianze na simu, maana ndiyo iliyolaumiwa. Ilikuwa simu ya kawaida tu, kioo chake kimepasuka kona moja, na Daktari aliifunga kwenye usukani wa baiskeli yake kwa vipande vya tyubu kuukuu. Alivivuta na kuvipiga fundo kama anayefunga miguu ya fahali kabla ya kumdunga sindano. Sisi wengine tulioendesha naye Jumapili tulikuwa na vishikio vya plastiki vya kununua dukani. Vyetu vilivunjika kimoja baada ya kingine kwenye matuta ya barabara ya Keroka, na kila kimoja kilipovunjika alicheka mpaka akapoteza pumzi.

Alikuwa daktari wa mifugo. Nyansiongo anakoishi ukisema Daktari unamsema yeye, na yule anayetibu watu ndiye anayehitaji maelezo zaidi. Mimi nina agroveti mjini Kisii, duka la dawa na chakula cha mifugo, na nilimjua kwanza kama mteja mgomvi. Angechukua chupa ya dawa ya minyoo, aigeuze, aisogeze kwenye mwanga, kisha aniulize kama hiyo ninauza au ninahifadhi. Nami sikuwa mtu wa kunyamaza. Tukawa marafiki hivyo, kwa kugombana juu ya kaunta, hadi siku aliyoniona nikiegemeza baiskeli ya mbio ukutani.

"Kumbe wewe pia uko na huu ugonjwa," akasema. "Jumapili uje."

Alikozaliwa na ukoo wake sikuwahi kumwuliza. Nilijua yanayojulikana kwa kuendesha nyuma ya mgongo wa mtu miaka mingi: kwamba bega la kulia lilishuka alipochoka, kwamba alihema kwa mdomo na kukana, kwamba mlimani aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti isiyofaa kwaya yoyote.

Tuliendesha Jumapili kwa sababu yeye ni Msabato. Jumamosi baiskeli ilikaa stoo na simu ilizimwa, na ni ng'ombe anayeshindwa kuzaa peke yake aliyeweza kumtoa kanisani. Mimi Mkatoliki nilihudhuria misa ya kwanza huku nimevaa kaptura ya baiskeli chini ya gauni. Alinitania kwa hilo kila wiki. Aliniuliza kama padri ameongea sana, na nikisema hapana, anajibu kwamba basi leo Mungu anataka tufike mbali.

Simu yake ilikuwa na programu ya kupima safari. Ilionyesha mwendo, umbali, mwinuko wa mlima na wastani wa mwendo tangu tulipoondoka, na Daktari aliisoma kwa sauti kwetu sote, kama anayesoma majibu ya maabara. Hakuna aliyeweza kujisifu mbele yake. Osoro, kijana wetu wa benki aliyekuwa na baiskeli ya bei kubwa kuliko zote, alisema siku moja kwamba amepanda mlima wa Keroka akipaa.

"Tuone simu inasemaje," Daktari akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kwa kila jambo, hata bei ya maziwa. Akaangalia. "Simu inasema ulikuwa unatembea, na baiskeli ilikuwa inakusindikiza."

Osoro alinuna hadi tuliposimama kunywa chai.

Msiniulize jinsi mtu huyo huyo alivyoidharau ramani ya simu hiyo hiyo. Namba aliziamini. Ramani alisema imechorwa na mtu ambaye hajawahi kuona majani chai, kwa sababu iliwahi kumpeleka kwenye barabara ambayo ilikuwa ni mashamba matupu, na akalazimika kubeba baiskeli begani huku wachumaji wakimwuliza kama amekuja kuchuma.

Na mvua. Nyamira mvua haikosi mchana, na matone yakianguka kwenye kioo cha simu, simu hudhani ni vidole. Yalikatiza kipimo cha safari katikati, yakafungua picha za harusi, yakaongeza sauti. Siku moja mvua ilimpigia mfugaji mmoja wa Borabu, ikakata, ikampigia tena. Mfugaji yule alikuwa anasubiri majibu ya damu ya ng'ombe wake. Tulipofika kwenye kibanda cha kujikinga na Daktari akapokea simu, tulisikia mtu analia. Alikuwa ameshaamini kwamba daktari anayepiga na kukata ameshindwa kusema habari mbaya. Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka, na Jumapili hiyo hatukumaliza njia. Alikwenda kwa mfugaji huyo akiwa amelowa vile vile, amwambie ana kwa ana kwamba ng'ombe ni mzima.

Baada ya hapo aliivalisha simu mfuko wa plastiki wa kuwekea mkate.

Lakini nikimkumbuka, simkumbuki akiendesha. Namkumbuka amesimama. Huyu alikuwa mtu wa kusalimu. Kwetu mtu mzima hapiti mtu mzima mwenzake njiani kwa kupunga mkono kama mwanasiasa, na kwa Daktari hilo lilikuwa sheria. Akimwona mzee pembeni, anashika breki, anashuka kabisa, anavua helmeti, anashikana naye mikono, anauliza habari za watoto na za ng'ombe kwa majina yao. Sisi tunasubiri jasho likitupoa. Kabla ya kushuka alibonyeza kitufe cha kusimamisha kipimo, kila mara, bila kukosa.

"Si inajisimamisha yenyewe?" niliwahi kumwuliza.

"Inachelewa. Na hii si ya kupimwa, Moraa. Nikimsalimia mzee halafu wastani wangu ushuke, nitaanza kumchukia mzee."

Na suruali. Hili nalisimulia kwa sababu ndilo lililofanya mambo ya baadaye yaume zaidi. Mwanawe wa kwanza amemwoa binti wa shangazi yangu, wa Marani. Kwa hiyo Daktari na shangazi ni wakwe, wanaitana korera, na kati ya watu wa namna hiyo heshima yake ni nzito kuliko ya kanisani. Hawakai kiti kimoja, hawataniani, na mmoja hamwoni mwenzake akiwa nusu uchi. Kaptura ya baiskeli ikibana mapaja kwa macho ya kwetu ni nusu uchi. Basi kila tulipopita njia ya Marani, Daktari alisimama kabla ya soko, akatoa mfukoni mwa mgongo suruali ndefu iliyokunjwa ndogo kama kitambaa, akaivaa juu ya kaptura. Alipita Marani yote akiendesha kama mhasibu anayekwenda kazini. Tukishavuka anaivua. Osoro alimwambia, "Dakta, hiyo suruali inakulia spidi," na Daktari akamjibu kwamba siku atakapooa ataelewa, na kwa jinsi anavyoendesha hataoa.

Mtu kama huyo ndiye aliyempita shangazi yangu barabarani bila kumtazama.

Shangazi alikuwa anatoka misa, amesimama ukingoni mwa lami. Alimwona tangu mbali, akajitengeneza, akasubiri ashuke. Daktari alipita. Suruali alikuwa ameivaa, hilo shangazi mwenyewe alilikubali. Lakini macho yalikuwa kwenye simu. Shangazi akamwamkia kwa lugha ya kwetu, "Korera! Bwakire!" Daktari akageuza kichwa kidogo huku na huku, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea. Mimi sikuwapo siku hiyo. Nilisikia kwa shangazi mwenyewe.

Ikatokea tena wiki chache baadaye, mbele ya wanawake wenzake wa kanisa. Na hapo maneno yakaanza. Kwamba Daktari amekuwa mkubwa. Kwamba siku hizi anasalimiana na simu. Watu wengine wakakumbuka kwamba hata wao amewapita: mzee wa Keroka, mama wa maziwa, mwalimu mkuu mstaafu. Mtu aliyeshuka kwa kila mtu akiacha kushuka, kila mtu anahesabu. Binti wa shangazi alianza kulia huko kwa mume wake, akisema baba mkwe amemdharau mama yake, na mume akasema mama mkwe anapenda makuu, na nyumba ikawa haikaliki. Ikabidi waitwe wazee.

Walikutana kwa shangazi, Marani, na mimi nilikuwapo kama mtoto wa nyumba. Nilikuwa nimekasirika, sifichi. Daktari alikuja na suti na mkewe, akakaa kiti cha karibu na mlango. Mzee wa upande wetu akamwuliza bila kuzunguka.

"Daktari, huyu mama anasema ulimpita mara mbili. Wewe ulimuona ama hukumuona?"

Mkewe alimgusa mkono.

"Nilimuona," akasema.

"Sasa mbona hukusimama?"

"Ni majivuno, wazee. Sina neno lingine. Nilikuwa naangalia hiyo simu, nikajiona mkubwa. Nimekosa."

Akasimama amwombe shangazi msamaha. Shangazi hakuutoa mkono wake. Aliinuka akaenda jikoni, na niliposimama kumfuata nilimkuta ameshika ukingo wa meza.

"Angesema hakuniona," aliniambia. "Angesema hivyo tu, Moraa. Ningemwamini hata kama anadanganya."

Ndoa ya watoto ilishikwa na wazee isivunjike. Lakini Daktari na shangazi hawakusalimiana tena, na Daktari akawa hapiti Marani. Alipanga njia zote za upande wa Nyamira. Sisi wa Jumapili tulijua sababu na hatukuitaja.

Sasa nikikaa dukani peke yangu nayaona yote yaliyokuwa wazi. Alianza kuendesha katikati ya njia, boda boda wakimpigia honi na kumtukana. Alimwomba Osoro akae upande wake wa kushoto, ati apate mtu wa kuongea naye. Dukani kwangu aligonga gunia la pumba ambalo lilikuwa limekaa pale pale tangu nifungue. Tulimtania kwamba ameoa simu. Na ni kwa sababu ya simu hiyo hakuna aliyewaza macho. Mtu anayesoma namba ndogo kiasi kile juani, baiskeli ikiruka, anazisoma bila kukosea hata moja, utasemaje haoni?

Ilitokea kwenye mteremko wa kuelekea Nyansiongo, karibu na kwake. Ndama alikuwa amefungwa kamba ndefu kwenye nyasi za kando, akaanza kuvuka. Tulimwona sote. Tulipiga kelele sote. Osoro alipayuka, "Dakta, ng'ombe! Cheki left!" Na Daktari alikuwa anatusomea mwendo. Sauti yake ilikuwa ya furaha, anasoma, na alimgonga ndama akiwa katikati ya neno.

Ndama aliinuka, akatikisa masikio, akarudi kwa mamake. Daktari hakuinuka. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na alipopata sauti aliuliza kwanza kuhusu ndama, mguu gani umeguswa, anakanyaga au hakanyagi. Mwenye ndama, mzee aliyemjua vizuri, alikuja anakimbia na kuomba radhi kwa urefu wa kamba. Daktari akamwambia kamba haina makosa. Simu ilikuwa bado imefungwa kwenye usukani, inahesabu.

Tulimpakia kwenye pikapu ya maziwa, mimi nikakaa naye nyuma katikati ya makopo. Alikuwa ameegemea, rangi imemtoka.

"Daktari, kweli hukuona hiyo ndama?"

"Sikuiona."

"Tumepiga kelele sisi wote."

"Nilisikia. Nikatafuta. Sikujua iko upande gani." Akainua mkono wake mzima. "Wewe ukikaa hapo mbele nakuona. Hata hiyo simu naiona, kila namba. Lakini ukisonga hivi kidogo tu, umeenda. Hakuna giza. Hakuna kitu. Ni kama hiyo pande ya dunia haikuumbwa."

Nikauliza ni tangu lini.

"Kabla ya mambo ya Marani."

Pikapu ilipita shimo, akafumba macho kwa maumivu. Kisha akanieleza yaliyobaki. Alikuwa ameshakwenda kwa daktari wa macho, kimya kimya. Ni presha ya macho, walimwambia; imekula kutoka pembeni, amechelewa, kilichokwisha hakirudi, na kilichobaki kitalindwa kwa matone kadiri itakavyowezekana. Mtu huyu aliwahi kumfokea mfugaji mbele yangu mpaka mfugaji akalia, kwa sababu alificha ugonjwa wa ng'ombe hadi mwisho. Alikuwa na hasira ya kweli kwa watu wanaoficha ugonjwa.

"Na mbele ya wazee ukasema ulimuona shangazi," nikasema. "Ukakubali kuitwa hivyo. Kwa nini, Daktari?"

"Ningesema nini?" Alikuwa anaangalia juu, mawinguni. "Mtu wa majivuno anaachiwa baiskeli yake, Moraa. Kipofu ananyang'anywa siku hiyo hiyo."

Nililia mpaka hospitali. Yeye ndiye aliyenibembeleza, na bega lake limevunjika.

Alinyang'anywa, bila shaka. Mkewe aliifungia baiskeli stoo na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Hakuupigania. Aliomba simu tu. Bega lilipona, macho hayakupona. Matone aliyatia kama alivyoagizwa, lakini ule mduara wa kuonea uliobaki uliendelea kubana. Mkewe alinieleza kwamba alizikuza herufi za simu mara kwa mara, mpaka namba moja ikajaa kioo kizima, na bado akaisogeza karibu na pua.

Jumapili alitupigia. Tukiwa mlimani simu yangu inalia, nashuka.

"Mko wapi? Simu inasemaje?"

Namsomea. Hakupenda nimwongezee. Nikisema mwendo ambao Osoro hawezi kuufikisha, anajua mara moja, na ananiambia kwa upole nisimpe chakula cha mgonjwa. Anauliza kama upepo uko usoni au mgongoni. Anauliza tumempita nani, na kama tumemsalimia. Kisha anasema haya, endesheni, na simu haikatwi mpaka nikate mimi. Mara nyingine niliiweka mfukoni bila kukata, aisikie minyororo yetu.

Halafu Jumapili moja hakupiga, wala iliyofuata. Mkewe akaniambia ameacha kuuliza habari za barabara. Amekaa tu.

Shangazi alikuwa ameshasikia. Mambo ya macho hayafichiki ukoo mmoja ukiwa umeoa kwa mwingine. Tangu asikie alikuwa halali vizuri, alikuwa hataki chai, na alipokuja dukani kwangu alizunguka magunia akigusa hili na lile. Mwisho akasema, "Nipeleke kwa huyo mtu. Nataka kumuuliza kitu moja."

Tulifika Nyansiongo mchana. Daktari alikuwa ameketi barazani, amevaa vizuri, amenyolewa na mtu mwingine. Mashavu yalikuwa yameingia. Aliposikia lango alinyoosha shingo.

"Karibuni. Ni nani?"

"Ni Moraa," nikasema.

"Na mwingine?"

Shangazi alimwangalia, na nikaona jinsi uso wake ulivyoharibika, maana kuambiwa ni jambo moja na kumwona mtu anakukosa ukiwa mbele yake ni jambo lingine.

"Ni mimi, korera," akasema.

Daktari alisimama. Alisimama wima kabisa, akatoa kofia, akafunga kifungo cha koti, na akainamisha kichwa kwa heshima kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu, kidogo kushoto kwa shangazi. Shangazi alisogea, akasimama pale alipoinamiwa.

"Sikuja kukaa," akasema. "Nimekuja kukuuliza, na unijibu mbele ya mama wa nyumba na mbele ya huyu mtoto. Hiyo siku barabarani Marani. Uliniona?"

Mkewe alikuwa ametoka na chai, akasimama na trei mikononi. Niliwaza, sasa sema. Baiskeli imekwenda, hakuna tena wa kukunyang'anya kitu. Sema hukumwona, jina lako lisafike, umalize. Lakini ukisema hivyo, mama huyu atarudi Marani akijua kwamba alimshtaki kipofu mbele ya wazee na kumnyima mkono. Nadhani Daktari aliliona hilo kabla yetu sote.

"Nilikuona, korera," akasema. "Nilikuona vizuri sana. Ulikuwa umevaa leso ya kijani. Nikapita tu. Hiyo makosa ni yangu, usiibebe."

Siku ile ya barabarani ilikuwa Jumapili, na Jumapili shangazi yangu huvaa sare ya akina mama wa kanisa, samawati kutoka kitambaa cha kichwa hadi sketi, na haivui mpaka alale. Leso ya kijani hana. Hajawahi kuwa nayo.

Alisimama pale akimtazama, machozi yanamshuka bila sauti, Daktari asije akayasikia. Kisha akanyoosha mkono, akautafuta wa Daktari, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa ya kijani."